Kutetemeka Kabla ya Kisu

Kwa miaka miwili na ushei nilikuwa mtaalamu wa woga. Cheo hicho sikupewa na mtu, nilijipa mwenyewe. Kazi yangu katika ile hospitali ndogo ya misheni, iliyokuwa kando ya barabara ya kutoka Bariadi kwenda ziwani, ilikuwa kuwaandaa wagonjwa wa kupasuliwa. Kila mgonjwa niliyemwandaa alifika mezani akitetemeka, na kila mmoja nilimwambia maneno yale yale, kwa sauti ya upole niliyofundishwa mafunzoni: ni woga tu, utapita.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini. Nilikuwa binti wa mkulima wa pamba kutoka upande wa Shishiyu, Mkristo wa nyumba ya Wakristo, na nilikuwa na kofia nyeupe ya nesi ambayo niliipiga pasi vizuri kuliko nilivyowahi kupiga pasi nguo ya kwendea kanisani. Mtu mwenye kofia kama ile hana haja ya kuuliza mgonjwa anatetemeka kwa nini. Anajua.

Maandalizi yenyewe yalikuwa hivi. Mgonjwa aliamshwa alfajiri, akiwa na njaa tangu jioni iliyotangulia, akaogeshwa kwa maji ya tangi lililolala nje. Sabuni ilikuwa ya dawa, na taulo lilikuwa moja tu kwa wote, kwa hiyo wa kwanza alifutwa na wengine walipigwa nalo kidogo mgongoni. Kisha alivalishwa gauni la kitambaa cheupe cha marekani, lililo wazi nyuma. Gauni lilishonwa likiwa na kamba tatu za kufungia, lakini nilipoanza kazi kamba mbili zilikuwa zimekwisha kukatika, na hatukuona sababu ya kuwasumbua wagonjwa kwa habari hiyo. Akiwa hivyo, alikwenda kukaa kwenye benchi la saruji barazani, upande unaotazamana na upepo wa kipupwe, angoje zamu yake. Zamu ilitegemea daktari amemaliza chai au hajamaliza.

Ndani kulikuwa na meza ya chuma, na juu yake mpira mwekundu. Mpira ule ulisafishwa kwa spiriti kila asubuhi, na anayejua spiriti anajua jinsi inavyoacha kitu kikiwa baridi. Madirisha yalikuwa wazi. Daktari wetu alikuwa mtu mnene kutoka nchi ya theluji, na joto la Usukuma lilimwonea kila siku ya maisha yake, hata asubuhi ambazo ng'ombe walikuwa wakitoa moshi puani. Alitokwa na jasho, kwa hiyo chumba kilikuwa na joto. Ungebishana vipi na jasho la daktari?

Mablanketi tulikuwa nayo. Yalikuwa ya kijivu, mazuri, yamekunjwa vizuri ndani ya kabati la Sista mkuu, na yalitoka siku za wageni. Sista alikuwa mwanamke mwema na mchapakazi. Alijua kwamba damu haitoki kwenye blanketi, na kwa hiyo aliyalinda mablanketi dhidi ya wagonjwa kwa uaminifu mkubwa.

Mtu mmoja tu pale hospitali hakuwa na elimu hii yote, naye alikuwa mfagiaji wetu. Alikuwa mjane wa makamo kutoka upande wa Lamadi. Zamani alikausha dagaa na kuwauza. Alikuja kumuuguza mdogo wake, mdogo wake akapona akarudi nyumbani, yeye akabaki na ufagio. Kiswahili chake kilikuwa kifupi na chenye Kisukuma ndani, na alisema pale tu ilipobidi. Asubuhi moja nilimkuta amemfunika kanga yake mwanamke aliyekuwa anangoja kutolewa uvimbe tumboni. Kanga ile ilikuwa imepauka na ilinuka samaki. Mgonjwa niliyemwogesha kwa mikono yangu, kwa sabuni ya dawa, amefungwa kama furushi la sokoni.

Niliivua ile kanga, nikaenda kushtaki kwa Sista. Sikusahau kutaja harufu. Mjane aliitwa, akasimama ameinamisha kichwa, akasema amekosa. Sista alinisifu kwa usafi wangu mbele ya manesi wenzangu, na nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Kisha likanipata mimi.

Ilikuwa msimu wa kuvuna pamba, wakati asubuhi zetu ni kali kuliko mgeni anavyotarajia. Nililala na maumivu kitovuni nikidhani ni maharage, nikaamka yamehamia chini, upande wa kulia. Daktari alinibonyeza tumbo, akaachia ghafla, na nilipiga kelele ambayo manesi wenzangu waliikumbuka muda mrefu. Alisema ni kidole tumbo, na kwamba nitapasuliwa asubuhi ile ile, wa pili, baada ya mtu mwenye jipu la paja.

Aliyeniandaa alikuwa nesi mdogo niliyemfundisha kazi mwenyewe, na naweza kushuhudia kwamba nilimfundisha vizuri mno. Hakuruka hata hatua moja. Maji yalitoka kwenye lile tangi yakanipiga mgongoni kama mtu ananidai jibu. Taulo lilikuwa limekwisha kulowa kwa mtu wa jipu. Gauni nililoletewa lilikuwa na ile kamba moja, na kwa mara ya kwanza nilifahamu kwamba kamba moja ya shingoni inafunga shingo tu, na kuanzia pale kwenda chini mtu yuko na Mungu wake.

Nikakalishwa kwenye benchi. Saruji ilikuwa imelala nje usiku kucha na ilikuwa na mambo mengi ya kunieleza. Nilianza kutetemeka magotini, kukapanda mpaka taya, na kila nilipotetemeka tumbo lilinikata, na kila liliponikata nilitetemeka zaidi. Nesi mdogo alinitazama kwa huruma. Aliinama, akanishika bega, akasema kwa sauti ile ile ya mafunzoni:

"Ni woga tu, dada. Utapita."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na maneno mengi, mengine hayakuwa ya nyumba ya Wakristo. Lakini meno yangu yalikuwa yanagongana na hakuna lililopita.

Akaingia ndani kupanga vyombo. Mjane alikuwa anafagia mwisho wa baraza. Aliuegemeza ufagio ukutani, akaja taratibu, akavua kanga ya juu. Hakuniuliza kama nakubali. Alianza na miguu: aliikunja pamoja, akaifunga, kisha akavuta kitambaa kilichobaki mpaka kifuani, halafu akaketi kwenye lile benchi na kunisogelea mpaka ubavu wake ukagusa wangu.

"Miguu kwanza," alisema. "Miguu ikipata joto, tumbo linapunguza kelele."

Kanga ilinuka dagaa. Niliingiza pua ndani yake. Kwa muda niliokaa pale, sijui ni dakika ngapi, hapakuwa na manukato duniani ambayo ningeyabadilisha na dagaa wale. Mtetemo ulishuka taratibu, na maumivu, ingawa hayakuondoka, yalikaa mahali pamoja badala ya kurukaruka. Nilijaribu kumsalimia kama inavyopasa, nikasema mwangaluka mayu, yaani umeamkaje mama, na yeye akaitikia kama vile tumekutana njiani kwenda kisimani, kama vile si mimi niliyemsimamisha mbele ya Sista.

Walipokuja kunichukua aliivuta kanga yake na kurudi kwenye ufagio kabla hawajamwona. Alikuwa amejifunza.

Kuhusu meza sitasema mengi. Niliwekwa juu ya ule mpira, mgongo wazi, wakanipaka tumbo zima iodini baridi, na daktari akafuta jasho akaomba dirisha la pili lifunguliwe. Mtoto wa nyumba ya maombi kama mimi alipaswa kuingia usingizini na zaburi mdomoni. Ukweli ni kwamba wazo langu la mwisho, barakoa ya etha, ile dawa ya usingizi, ikishuka usoni, lilikuwa matusi kwa ule mpira. Niliamka wodini nikitetemeka tena, vibaya kuliko mwanzo, na kila mtetemo ulivuta nyuzi mpya za tumboni. Nesi aliyekaa nami aliandika kwenye karatasi kwamba mgonjwa ana wasiwasi.

Nilikaa kitandani siku nyingi za kutosha kuhesabu watu niliowapitisha kwenye lile benchi. Sikumaliza. Nilipoweza kutembea nikishika ukuta, nilimfuata mjane nyuma ya jiko, alikokuwa anachemsha matambara ya kupigia deki. Nilimwomba radhi kwa habari ya kanga. Kisha nikamuuliza kwa nini hakunieleza, muda wote ule, kwamba watu wanasikia baridi.

Aligeuza matambara kwa mti. "Hukuuliza," alisema. "Na ulikuwa nesi."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa nafuu kama angesema kwa ukali.

Basi nilirudi kazini nimeongoka, na hakuna kiumbe wa hatari kama mtu aliyeongoka jana. Siku ya kwanza niliingiza jiko la mkaa linalowaka ndani ya chumba cha upasuaji, nikaliweka karibu na kichwa cha meza ili mgonjwa apate joto vizuri. Daktari aliingia akiwa ameinua mikono iliyooshwa, akaliona, akageuka rangi ya gauni. Alinieleza, polepole kama anazungumza na mtu aliyeshika bunduki, kwamba etha inashika moto hata kwa hewa yake, na kwamba kama angechelewa kidogo, mimi, yeye, mgonjwa na paa la bati tungeonekana mpaka Lamadi. Nililitoa jiko nje. Toka hapo nililiingiza alfajiri, nikafunga madirisha, chumba kikapata joto, nikalitoa na kupepea hewa yake kabla chupa ya etha haijasogea karibu. Daktari alilalamikia joto, lakini baada ya kuona jiko lile alipendelea jasho.

Siku za baadaye nilipata wazo la chupa. Stoo tulikuwa na chupa kubwa za kahawia za dawa. Nilizijaza maji ya moto, nikazifunga vizibo, nikazivingirisha kitambaa, nikawapa wagonjwa wa benchini wakumbatie. Walizipenda. Wengine walikataa kuzirudisha. Nilivimba kichwa, nikaanza kuzipeleka hata mezani.

Wakati huo alilazwa mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi, aliyeletwa na wake zake wawili kwa gari la kukokotwa na maksai kwa sababu ya ngiri aliyokuwa ameibeba miaka mingi. Tulimwita guku, yaani babu. Alikuwa amejipaka samli mwili mzima dhidi ya baridi, nasi tukaisugua yote kwa sabuni ya dawa kwa sababu sisi ndio tuliosoma. Kwa kuwa nilimwonea huruma zaidi ya wengine, alipolala kwa etha nilimwekea chupa mbili kwenye mashavu ya miguu. Maji yalikuwa yametoka kuchemka. Kitambaa nilizungusha mara moja tu, nilikuwa na haraka ya wema.

Mtu aliye macho angeondoa mguu. Guku alikuwa mbali sana na mguu wake. Daktari alishona ngiri vizuri, nikavuta shuka, na kwenye mguu wa kushoto ngozi ilikuwa imesimama lengelenge la ukubwa wa kitumbua. Daktari alitazama lengelenge, akanitazama mimi, akangoja mzee atolewe nje. Kisha alisema kwa Kiswahili chake cha kukata kata kwamba chupa zimekwisha, leo, zote.

Nilingoja guku aamke, nimwambie mwenyewe. Nilimweleza kwamba si ngiri, si daktari, ni mimi niliyemchoma nikitaka kumpa joto. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilidhani amelala tena.

"Mayu," alisema mwishowe, "nilikuja na ugonjwa mmoja. Mnanirudisha na mwingine mpya. Nyinyi ni wakarimu."

Wake zake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikwenda kulia stoo.

Jioni daktari aliniita. Nilitarajia kuvuliwa kofia. Aliniuliza kwa nini nahangaika na joto kiasi hiki wakati wagonjwa wanaogopa tu. Alikuwa ameandika hivyo kwenye karatasi zao miaka yote, nami nilikuwa nimemsaidia kuandika.

"Hata mimi niliogopa, Bwana Daktari," nilisema. "Lakini si woga ulionimwagia maji mgongoni."

Alikuwa mtu wa haki, hilo lazima niliseme. Haki yake ilihitaji tu chombo cha kupimia. Kesho yake alianza kuwawekea wagonjwa kipimajoto kwapani kabla ya kuogeshwa, benchini, na baada ya kushonwa. Alifanya hivyo siku kadhaa, akiandika kwenye daftari dogo na kukunja uso zaidi kila siku. Kipimajoto kilimwambia jambo lile lile ambalo wagonjwa walikuwa wakimwambia kwa Kisukuma tangu afike. Lakini kipimajoto kilizungumza Kizungu, na akakielewa. Alimwita Sista, wakajifungia ofisini, na Sista alitoka na ufunguo wa kabati mkononi na uso wa mtu anayezika.

Mablanketi yalikuwa machache na yalichafuka upesi, kama Sista alivyokuwa amesema siku zote. Hapo ndipo guku, aliyekuwa bado kitandani kwa sababu ya mguu, ngiri ikiwa imekwisha kupona na kusahauliwa, aliuliza swali ambalo hakuna mwenye kofia aliyeliuliza. Kutoka dirisha la wodi tuliiona barabara, na barabarani magari ya maksai yakipita na magunia ya pamba mchana kutwa.

"Ile pamba," aliniuliza, "imekatazwa kulaliwa?"

Haikukatazwa. Ilikuwa inasafiri tu. Sisi tuliilima, tuliipalilia, tuliichuma, tukaituma ikawape joto watu wa ng'ambo, na wenyewe tukabaki na mpira mwekundu. Sikuwa nimewahi kuiona hivyo, na nimezaliwa kando ya shamba lake.

Wake za guku walileta gunia la fifi, ile pamba yenye madoa isiyopokelewa pamoja na safi. Pamba ya shamba huja na mbegu zake, kwa hiyo wodi nzima ya wanaume ilikaa vitandani ikichambua mbegu. Watu wa majipu, watu wa ngiri, mmoja aliyevunjika mguu na ambaye kabla ya hapo kazi yake ilikuwa kulaumu uji. Mjane na mimi tulishona mifarishi: marekani mbili, pamba katikati, mshono wa kupita kila shubiri ili pamba isikimbilie pembeni. Daktari aliogopa vijidudu. Tulikubaliana kwamba kila mfarishi uvalishwe mfuko wake kama foronya, mfuko uchemshwe kila mgonjwa anapobadilika, na mfarishi wenyewe uanikwe juani kutwa. Mmoja ulitandikwa juu ya ule mpira, chini ya shuka. Mwingine mwembamba ulifunika kifua na mikono, na mwingine miguu, tumbo tu likibaki wazi kwa kisu. Maji ya kuogea yalitoka jikoni, yakiwa na moshi. Taulo zikawa nyingi, za marekani vile vile. Benchi la saruji lilibaki mahali pake, lakini halikukaliwa tena na mtu asiye na mfarishi.

Kutetemeka hakukwisha kabisa. Wengine waliendelea, na wale, ndiyo, walikuwa wanaogopa. Nilishangaa jinsi walivyokuwa wachache.

Mjane alikabidhiwa mifarishi yote, kuichemshia mifuko na kuianika. Alipewa aproni. Ufagio hakupokonywa, kwa hiyo alipanda cheo bila kupungukiwa na kazi. Alikaa na wagonjwa benchini waziwazi sasa, ubavu kwa ubavu, na nesi mdogo alifundishwa upya, mara hii na mjane mwenyewe.

Msimu uliofuata walikuja wageni kukagua. Walisimama kwenye chumba cha upasuaji, wakabonyeza mfarishi kwa vidole, wakamsifu daktari kwa ubunifu wake. Daktari alishukuru. Alisema ni matokeo ya upimaji makini. Mjane alikuwa mlangoni na ndoo, akingoja watoke apige deki. Nilifungua mdomo. Sista alinitazama, nikaufunga, na ni mojawapo ya mara ambazo sijajisamehe.

Guku hakuwepo kusikia, alikuwa amekwisha kwenda kwake zamani. Siku ya kuruhusiwa aliomba apewe mfarishi mmoja, ule aliouchambulia mbegu mwenyewe. Sista alimweleza kwa adabu kwamba ni mali ya hospitali. Mzee aliitikia kwa adabu zaidi. Asubuhi iliyofuata, kipupwe kikivuma, nilimwona kwenye gari lake la maksai, mke mmoja mbele na mwingine nyuma, yeye katikati amefunikwa mfarishi mpaka kidevuni, na mguu wenye kovu umefungwa vizuri kuliko mwingine. Alinipungia mkono. Sista aliniuliza baadaye kama naona mfarishi mmoja umepungua. Nilisema sijui. Nilikuwa nimemchoma mtu yule mguu. Si mimi wa kumkimbilia barabarani.